Sanduku la Taka la Gari la Afya

Mimi na uchafu hatupatani. Marehemu mke wangu alikuwa akiniambia nimekosea kazi, ningekuwa bwana afya badala ya kumwendesha bwana afya. Labda. Lakini ninachotaka kueleza hapa si usafi wangu. Nataka kueleza jinsi nilivyobuni sanduku la taka la ndani ya gari, sanduku zuri kuliko yote niliyowahi kuyaona, na jinsi lilivyoninyang'anya raha ya maisha. Jambo hili nimelikalia miaka mingi. Nimewahi kumwambia mtu mmoja tu, tena nilimwambia nikiwa nimeshachelewa.

Wakati ule Uhuru ulikuwa bado mpya na Ujamaa ukihubiriwa redioni asubuhi na jioni. Magari ya Mafia nzima ungeyahesabu kwa vidole, na vidole vingine vingebaki. Moja lilikuwa langu. Nasema langu kwa ubishi tu, lilikuwa la serikali: landrova ya idara ya afya, rangi ya majivu, mbele siti mbili, nyuma mabenchi mawili yanayotazamana. Kazi yangu ilikuwa kupeleka dawa kwenye zahanati za vijijini na kurudi Kilindoni na wagonjwa wa kulazwa.

Sasa, mgonjwa hapandi gari peke yake. Anapanda na mama yake, shangazi yake, jirani aliyewahi kuugua ugonjwa kama huo, na kapu la chakula. Tukifika hospitali wao wanashuka, mimi nabaki na maganda ya machungwa, makapi ya miwa, vifuu, bendeji zilizofunguliwa njiani kwa kuwa zinawasha, na mate ya tambuu. Tambuu ndiyo iliyonikera kuliko yote. Mzee wa heshima, umemwamkia shikamoo akakuitikia marahaba kwa upole, halafu anageuka anatema mate mekundu pembeni mwa siti yako. Utamwambia nini?

Siku moja kifuu kilibingirika kutoka nyuma, kikapita chini ya siti, kikaja kukwama chini ya pedali ya breki. Tulikuwa tunaingia Baleni na mbele yetu kuna ng'ombe barabarani. Gari lilisimamishwa na mnazi, si na mimi. Hakuna aliyeumia, ng'ombe wala mtu, ila taa moja ilivunjika, nami nilitembea na jicho moja miezi mingi kwa sababu vipuri vilikuwa vinatoka Dar es Salaam kwa hiari yao wenyewe. Siku hiyo niliapa kwamba taka hazitakaa tena kwenye sakafu yangu.

Nilianza na debe. Debe la mafuta ya taa nililikata juu, nikalifunga kwa waya nyuma ya siti. Kwa barabara zetu zile za mchanga na mizizi, lilipiga kelele mpaka watu wakatoka majumbani kutazama harusi inayopita. Makali yake yakamchana muundi bibi mmoja aliyekuwa anakwenda kutibiwa jicho. Akafika hospitali na maradhi mawili.

Nikaja na pakacha. Mke wangu alilisuka kwa makuti mabichi, likawa jepesi, halina kelele, halimkati mtu. Lakini pakacha ni la kubebea nazi. Ukilitemea mate yanapita, yanashuka sakafuni, na yanajua njia mpaka kwenye kandambili za dereva. Baada ya hapo nikashona mfuko wa turubai. Huo ulizuia maji, lakini ulihifadhi na harufu, na siku ya tatu nilikuwa naendesha kichwa kikiwa nje ya dirisha. Na vyote hivi, debe, pakacha na mfuko, vilinitaka nitie mkono ndani nikwangue kilichoganda. Mkono ukitoka humo sikuweza kula.

Ndipo nikakaa chini nikafikiri kama mtu mzima. Nilitaka kitu kisichovuja na kisichopiga kelele. Kijifunge chenyewe, maana katika abiria wangu hakuna aliyewahi kufunga kitu alichokifungua. Na kikifika jalalani kimwage vyote bila mimi kushika wala kuona. Hilo la kutoona nililisisitiza sana. Nililipigia mstari kwenye karatasi.

Wakati huo fundi mmoja wa kisiwa cha Jibondo alikuwa Kilindoni akitengeneza jahazi la ushirika pale ufukweni. Nikampelekea mchoro wangu niliouchora nyuma ya boksi la dawa. Akauangalia, akaugeuza, akauliza, "Chombo hiki kinakwenda wapi?"

"Hakiendi popote, fundi. Cha kutilia taka ndani ya gari."

Alicheka mpaka akakaa juu ya mbao zake. "Yaani sisi kwetu maji ya kunywa tunayafuata kwa mashua, tunayatunza kama mtoto mchanga, wewe unataka chombo kisichovuja uwekee mate ya watu?"

Lakini alilitengeneza. Alikuwa mtu asiyeweza kufanya kazi mbaya hata kwa mzaha. Alitumia vipande vya mfenesi vilivyobaki, chini pembamba, juu papana, lipenye katikati ya siti bila kugusa goti la mtu. Viungo alivitia kalafati, ile pamba ya kuzibia mbao za vyombo, kisha akalipaka sifa, mafuta ya papa, mpaka mbao zikang'aa. Kifuniko alikilaza mshazari, na bawaba zake zilikuwa vipande vya tyubu ya gurudumu, kwa hiyo ukikiachia kinarudi taratibu chenyewe. Chini kulikuwa na kilango chenye komeo. Unalichomoa sanduku, unalishika juu ya shimo, unavuta komeo, mzigo wote unashuka kwa mkupuo. Alilijaribu kwa maji ya bahari, matamu alikataa kuyachezea, na halikutoa hata tone. Mwisho, kwa mazoea tu ya mkono wake, akachonga ua dogo kwenye kifuniko.

Bwana mkubwa wa afya alilipenda kupita kiasi. Akija na wageni alikuwa anafungua mlango wa gari kabla hajafungua mlango wa ofisi. Huku ndiko kujitegemea, alisema, hatukuagiza hata msumari. Wageni walifungua kifuniko, wakakiachia, wakakitazama kinavyojifunga, wakanipa mkono. Nami nilivimba kichwa, nakubali. Kwa miezi ile nilitembea Kilindoni kama mimi ndiye niliyeuleta Uhuru.

Halafu yakaja masika, na nikapeleka dawa upande wa Ndagoni. Nikiwa njiani kurudi, watu walinisimamisha. Walikuwa wamembeba mwanamke juu ya kitanda cha kamba, wametoka naye shambani, mwendo wa saa mbili kutoka barabarani. Uchungu ulikuwa umemkaa siku mbili. Alikuwa bado kijana, lakini mimba mbili zilikuwa zimekwisha kumharibikia, na mumewe alikuwa baharini. Aliyepanda naye alikuwa mama yake, bibi mfupi mwenye ukungu machoni, aliyeniita mwanangu kabla hata sijamwamkia.

Hatukufika mbali. Mvua ilikuwa imeifanya barabara kuwa dimbwi, na magurudumu ya nyuma yakazama. Nilishuka, nikakata makuti, nikawa nayapanga chini ya matairi huku nimelowa mpaka nguo za ndani. Nilisikia kelele za yule mwanamke, nikainuka.

"Usitazame huku, mwanangu," bibi aliniambia kutoka ndani. "Wewe shughulika na matope yako, mimi nashughulika na yangu."

Mtoto alizaliwa wakati nimelala kifudifudi chini ya gari. Nilimsikia akilia juu yangu, na mimi nikalia huko chini. Hakuna aliyeniona. Gari lilipotoka matopeni nilirudi usukanini, nikaendesha taratibu sana mpaka Kilindoni, sikugeuka nyuma hata mara moja, na nikajiona mtu wa maana.

Wauguzi walimpokea mzazi na mtoto wake wa kiume, bibi akawafuata. Mimi nikabaki na kazi yangu. Niliosha damu kwa maji ndoo tatu. Nikalichomoa sanduku, nikahisi zito kidogo, nikajua ni matambara. Nikalipeleka shimoni nyuma ya hospitali, nikavuta komeo. Kikaanguka kitu kizito, pu, kama furushi lililolowa. Sikutazama. Sanduku lilibuniwa ili nisitazame. Mvua ilikuwa imekatika, nikamwaga mafuta ya taa, nikawasha kiberiti kama tulivyoagizwa, nikaondoka nikipangusa mikono.

Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi nakunywa chai bibi alipokuja. Alikuwa ananitafuta kwa kupapasa ukuta.

"Mwanangu, Mungu akuweke. Sasa nipatie ule mzigo wangu."

"Mzigo gani, mama?"

"Kondo la nyuma la mjukuu wangu. Nimelifunga kwenye kipande cha kanga, nikaliweka kwenye kasha lako. Nimelipapasa nikaona kasha zuri, limechongwa ua, lina kifuniko chake, nzi haingii. Nikasema hapa pamesalimika."

Kasha. Nyumbani kwetu pwani kasha ni la kuwekea nguo za harusi, hati ya shamba na dhahabu ya bibi harusi. Nani mwenye akili timamu angepapasa sanduku lililotiwa kalafati na fundi wa Jibondo, lenye ua kwenye kifuniko, afikirie ni la taka? Lile wazo halikunijia hata siku moja wakati wageni wananipa mkono.

Kwa asiyejua, niseme. Kwa watu wale kondo la nyuma ni pacha wa mtoto. Huzikwa nyumbani kwa dua, ukapandwa mnazi juu yake, na fundo likishafungwa halifunguliwi. Likipotea, mtoto hatulii mahali, na mama yake anafunga kizazi. Mama mwenyewe alikuwa amekwisha kupoteza mimba mbili. Nilimtazama yule bibi macho yake ya ukungu, mkono umenyooshwa mbele yangu.

"Lipo, mama," nikasema. "Nimelihifadhi."

Nilitaka kupata muda tu. Naapa ni muda tu niliotaka. Nilikimbia shimoni na fimbo, nikachokora. Moto haukuwa umeacha kitu, ila majivu, chupa za dawa, na pembe moja ya kanga nyekundu iliyokuwa bado inafuka moshi. Ningerudi pale pale nikasema, bibi, nimekosa. Angelia, angenilaani pengine, na mambo yangeishia hapo. Badala yake miguu ilinipeleka buchani. Nikanunua ini na bandama la mbuzi, nikapita nyumbani, nikachukua kanga kuukuu ya mke wangu, nyekundu, nikaipasua. Nilifunga fundo kwa mikono hii ninayoandikia.

Kesho yake waliruhusiwa. Niliwarudisha mpaka pale njia ya shambani inapoanza, watu wakampokea mzazi na kitanda chao cha kamba. Nilimpa bibi furushi. Akanirudishia. "Wewe ndiye uliyelihifadhi," akasema, "libebe mpaka mwisho wake." Nikalibeba. Saa mbili katikati ya minazi, nimelishika mbele yangu kwa mikono miwili, na watu wote wanatembea polepole kwa kuniheshimu.

Palichimbwa shimo pembeni mwa nyumba. Bibi akasoma dua ndefu, akamwombea mtoto atulie, apende kwao, asipotee, na kila alipotua sisi tukaitikia amin. Niliitikia amin juu ya ini la mbuzi. Ukatiwa mche wa mnazi, udongo ukashindiliwa, nikaletewa wali wa nazi na kuku mzima. Yule mama kijana alinitazama kutoka kitandani kwake akasema, "Kaka, mwanangu huyu wewe ni mjomba wake." Kuku yule nilimmeza kama mchanga.

Tangu siku hiyo nikawa nausikia ule mlio. Kila nikivuta komeo, hata kama kinachoanguka ni maganda ya chungwa moja, nilisikia pu. Nilianza kutanguliza macho. Nililimwaga sanduku chini kwanza, nikachambua taka kwa fimbo, bendeji moja moja, ndipo nikazitia shimoni. Mimi, niliyekuwa siwezi kula mkono ukigusa taka! Baadaye nikang'oa kifuniko. Baadaye nikapasua mbao za ubavuni nikaweka waya wa wavu ili kila mtu aone kilichomo. Nzi wakarudi, harufu ikarudi, mate yakapata njia yake ya zamani. Bwana mkubwa aliniuliza kwa nini nimeiharibu kazi nzuri namna ile. Nikamwambia limeoza. Aliondoka anatikisa kichwa, na wageni hawakuletwa tena.

Kila nilipopita upande ule niliacha gari barabarani nikaingia shambani kumtazama mtoto. Nilipeleka sukari, sabuni, viatu. Watu walisema mjomba gani huyu anayependa hivi. Nilikuwa natafuta dalili. Akianguka, nasema ni hilo. Akicheka, nasema labda halina maana. Alikuwa mtoto mzuri, mwenye masikio makubwa, anayeimba kila anachokisikia. Mnazi wake ulikua haraka, na hilo nalo liliniudhi, sijui kwa nini. Bibi alifariki mtoto akiwa na miaka mitatu. Baba yake alikwenda kuvua Kilwa, akaoa huko, hakurudi. Yule mama hakushika mimba nyingine.

Kisha likaja agizo la kuhamia vijijini. Waliokuwa wamekaa wametawanyika mashambani walitakiwa waje pamoja, barabarani, wajengewe shule, wachimbiwe kisima, zahanati iwe karibu. Mimi nilikuwa naendesha wakubwa kutoka shamba hadi shamba, na sitasema yote yaliyofanyika yalifanyika kwa upole, lakini hili la zahanati kuwa karibu niliamini, kwa sababu nilikuwa nimewabeba wengi waliofika wamechelewa. Majirani wote wa yule mama walihama. Waling'oa milango yao, wakabeba vyungu na kuku, wakaenda. Yeye akakataa.

Mkubwa mmoja wa wilaya alinivuta pembeni. "Wewe kwao ni ndugu. Nenda ukaseme naye. Akikubali, atahamishwa kwa gari, na vyombo vyake vyote."

Nilikwenda peke yangu. Nilimkuta anatwanga. Nyumba za pembeni zilikuwa zimebaki matundu tu mahali palipokuwa na milango. Nikamweleza yote: shule, kisima, zahanati. Nikamwambia hapa mtabaki wawili tu, ukiugua nani atakujua? Alinisikiliza bila kuacha mchi.

"Yote uliyosema ni kweli, kaka," akasema. "Lakini mama aliniusia kabla hajafa. Mtoto asiachane na kondo lake mpaka atiwe jandoni. Miaka mitatu tu imebaki. Akishatoka jandoni nahama siku hiyo hiyo."

Yeye akaweka mchi chini.

"Wewe ndiye uliyelibeba kwa mikono yako mpaka hapa. Hebu niambie wewe. Ungekuwa mimi, ungeliacha?"

Pale ndipo palipokuwa mahali pa kuusema ukweli. Hakuna mahali pengine katika maisha yangu ninapopakumbuka sawasawa kama pale: unga kwenye ngozi ya mikono yake, mtoto amekaa mlangoni anaiga sauti ya mchi, tu, tu, tu. Sentensi moja ilitosha. Mle hamna kitu, dada. Ilikuwa ulimini kabisa. Lakini nikafikiria miaka minne ya kuitwa mjomba, na kuku yule, na dua ile, nikaona haya. Haya tu, si kitu kingine.

"Nisingeliacha," nikasema.

Nikarudi barabarani nikamwambia yule mkubwa amwache, ni mila. Alikuwa amechoka siku hiyo, akasema basi, atachoka mwenyewe. Watu wakaniona nimemtetea.

Masika yaliyofuata nilikutana naye barabarani. Niliona kitu kinatembea katikati ya mvua, nikadhani ni mtu amebeba gunia. Alikuwa amembeba mtoto mgongoni kwa kanga mbili, miguu ya mtoto inaning'inia, shingo imekakamaa kwa nyuma. Hakulia wala hakunilaumu. Alipanda gari akaniambia tu, "Siku ya nne leo." Siku ya kwanza alidhani ni homa ya kawaida. Siku ya pili alitaka kutoka, lakini mtoto alikuwa anajinyonga kwa degedege na hakukuwa na mtu wa kumsaidia kumshika wala kumtangulia kuita gari. Alipanda juu ya kichuguu akapiga ukelele mpaka sauti ikakauka. Zamani zile nyumba sita zingemsikia.

Ilikuwa homa ya uti wa mgongo. Daktari alimpigania mtoto majuma mawili, akapona. Nilikuwa nimesimama dirishani siku walipogundua. Muuguzi aliangusha bakuli la bati nyuma ya kitanda, wodi nzima ikashtuka, mtoto akaendelea kuchezea ncha ya shuka. Daktari akapiga makofi karibu na sikio moja, kisha la pili. Akamwambia mama kwamba mtoto angeletwa siku mbili kabla, huenda masikio yangesalimika. Hakusema kwa ubaya. Mama alitikisa kichwa kuonyesha amesikia, akaninong'oneza mimi, "Mungu amechukua masikio, amemwacha mwenyewe. Alhamdulillahi. Pacha wake anamlinda."

Alirudi kule kule. Nilimrudisha mimi, kwa gari lile lile.

Nilivumilia miezi miwili. Nilikuwa siendeshi vizuri, nilikuwa napita njia ya shambani nikifumba jicho la upande ule. Usiku mke wangu ananiuliza una nini, nasema mgongo. Siku moja ya Ijumaa nikatoka msikitini, sikwenda nyumbani, nikapanda gari mpaka pale njia inapoanzia, nikatembea saa mbili.

Alikuwa amekaa kwenye mkeka anachambua mchele. Mtoto alikuwa hatua tatu kutoka kwetu, anapanga vifuu mchangani, ametupa kisogo. Nikaamkiana naye, nikakaa, nikakataa maji. Nikasogea karibu, nikaanza kunong'ona, maana niliona si vizuri mtoto asikie jambo kama lile kuhusu nafsi yake.

Alinitazama kwa mshangao, halafu akaelewa.

"Sema kwa sauti tu, kaka," akaniambia. "Hasikii."

Nikasema kwa sauti. Nilimwambia sanduku lile lilikuwa la nini. Nikamwambia habari ya shimo, ya kiberiti, ya bucha, ya kanga ya mke wangu. Nikamwambia kilichomo chini ya mnazi. Sikujitetea, na nikijitetea ningejitetea kwa lipi? Mkono wake uliendelea kuchambua mchele kwa muda, unaokota chuya na kuzitupa, kisha ukasimama juu ya ungo.

"Mama yangu alijua?"

"Hakujua."

"Na siku ile ulipokuja, wenzangu wote wamehama, nikakuuliza. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Alitikisa kichwa, mara moja, kama alivyomtikisia daktari.

"Ungesema siku ile," akasema, "ningehama siku ile."

Hakupaza sauti. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio, kwa laana, hata kwa mchi kichwani, na ningeshukuru. Alinyanyuka akaingia ndani. Nikasikia vyombo vinagongana. Alitoka na vyungu viwili amevifunga kwenye kanga, akatandua mkeka niliokuwa nimeukalia, mimi nikiwa nimesimama pembeni yake, akaukunja. Akaing'oa kamba ya nguo. Akamwendea mtoto kwa mbele ili amwone, akamwonyesha kwa mkono: twende.

Niliwafuata. Nikamwambia gari liko barabarani, nikamwambia nipe hivyo vyungu, dada, njia ni ndefu. Nikanyoosha mikono yote miwili.

Akaitazama mikono yangu. Akajitwika mkeka, akashika vyungu mkono mmoja na mtoto mkono wa pili, akanipita. Hakunipa kitu cha kubeba.